Astérix na wenzake kwa Kiingereza: tafsiri ya zamani ya Uingereza au hizi mpya? (Ulinganisho)

Mtunza Rafu (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia rafu ya vijana katika maktaba ndogo ya mtaa hapa Tanga, na wasomaji wetu wengi wako kati ya darasa la sita na kidato cha nne. Kiingereza cha shuleni wanakijua, Kifaransa hawakijui, na katuni za Kifaransa zimewakolea tangu tulipoletewa nakala chache zilizochakaa. Sasa tumepata fedha kidogo za kununua vitabu vipya, nami naomba msaada wenu katika kuchagua.

Kwa upande wa Astérix, yule shujaa mdogo wa kijiji cha Wagauli (wakazi wa kale wa Ufaransa) kinachowapinga Warumi, ambaye mwandishi René Goscinny na mchoraji Albert Uderzo walimtoa kwa mara ya kwanza katika jarida la Pilote tarehe 29 Oktoba 1959, naona njia mbili. Ya kwanza ni tafsiri ya Anthea Bell na Derek Hockridge, iliyoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1969 na ambayo ndiyo wengi wetu tuliikuta. Ya pili ni ya Joe Johnson, ambayo kampuni ya Papercutz ya Marekani ilianza kuitoa mwaka 2020, kwa Kiingereza cha Kimarekani cha siku hizi. Zote zinapatikana katika majalada yenye hadithi tatu tatu, kwa hiyo wingi wa hadithi hauwezi kuniamulia. Niliwapa vijana kadhaa hadithi ya kwanza katika matoleo yote mawili, na nilichokiona ni kwamba waliosoma toleo la Marekani walimaliza mapema, ilhali waliosoma la Uingereza walikuja mezani kwangu kuuliza maana ya hiki na kile. Sijui niuchukulie uulizaji huo kuwa dalili njema au dalili ya kwamba kitabu kimewashinda.

Wino Mzito (Nairobi)

Ndugu Mtunza Rafu, chukua Bell na Hockridge, na kuuliza kwa vijana wako ukuhesabu kuwa heri.

Mfasiri wa riwaya akikwama anaweza kurefusha sentensi au kupenyeza ufafanuzi, lakini mfasiri wa katuni amebanwa pande mbili: kiputo cha maneno kina ukubwa wake usiobadilika, na mchoro umekwisha kusema jambo ambalo maneno hayawezi kulikana. Tazama ukurasa mmoja wa hadithi ya Astérix kuwa askari wa jeshi la Kirumi, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1967. Maharamia wamezamishiwa jahazi kama ilivyo ada yao, na Uderzo amewachora wamerundikana juu ya chelezo kwa mkao ule ule wa mchoro mashuhuri wa Géricault ulioko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, unaoonyesha manusura wa meli iliyoitwa Méduse. Kwa Kifaransa nahodha anasema «Je suis médusé», yaani amepigwa na butwaa, na jina la meli limo ndani ya neno hilo hilo. Kiingereza hakina neno la kufanya kazi hizo mbili kwa pamoja. Bell na Hockridge wakamfanya aseme “We've been framed, by Jericho!” Maana ya juu ni kwamba wamesingiziwa, maana ya pili ni kwamba wametiwa katika fremu ya picha, na kile kiapo cha mwisho ukikitamka kwa sauti unasikia jina la mchoraji mwenyewe. Mzaha wa Kifaransa umepotea, na mahali pake umekuja mwingine unaoelekeza macho kwenye mchoro ule ule. Kazi ya namna hiyo huipati kwa kamusi, na ndiyo inayomfanya kijana ainuke na kuuliza.

Hadithi ya safari ya Uingereza, ya mwaka 1966, ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Goscinny aliwafanya Waingereza wazungumze Kifaransa kwa mpangilio wa Kiingereza, wakitanguliza sifa kabla ya jina na kutafsiri misemo yao neno kwa neno. Binamu yake Astérix anapotaka kusalimiana kwa mkono anasema «secouons-nous les mains», yaani tutikisane mikono, na Obélix, yule rafiki mnene wa Astérix, kwa kuwa ni mtu wa kutii anachosikia anamshika mkono na kumtikisa mwili mzima. Sasa utafanyaje unapofasiri kwenda Kiingereza chenyewe, ambamo maneno hayo ni salamu ya kawaida kabisa? Wafasiri hao waliwapa Waingereza wa hadithi lafudhi ya mabwana wakubwa wa zamani, ile ya watu wanaokunywa chai vita vikiendelea, na kicheko kikabaki pale kilipokuwa.

Hata mbwa wa Obélix anashuhudia. Kwa Kifaransa anaitwa Idéfix, kutokana na usemi wa Kifaransa unaotaja wazo lililomganda mtu kichwani. Kwa Kiingereza alipewa jina Dogmatix, ambalo linabeba ukaidi ule ule na juu yake lina neno la mbwa ndani. Toleo la Marekani lilipotafsiri upya, jina hilo halikuguswa.

Mwana Lubumbashi

Nimemsoma ndugu Wino Mzito kwa heshima, lakini naomba tumsikilize pia msomaji aliyekulia upande wa pili. Sisi huku Kongo vitabu hivi tulivisoma kwa Kifaransa, vikipita kutoka mkono hadi mkono mpaka gamba linang'oka, na tunapofungua toleo la Uingereza hatuoni kijiji kile tulichokizoea. Mganga wa kijiji, Panoramix, wamemwita Getafix, jina ambalo sikio la Kiingereza linaweza kulisikia kama mtu anayetafuta dozi ya dawa za kulevya. Kwa kitabu ambacho mganga wake anawapikia watu dawa ya nguvu katika chungu, mzaha huo unaeleweka, lakini Goscinny hakuutia pale, na mimi sioni kwa nini mtoto wa Tanga aubebe. Papercutz walimrudishia jina lake la Panoramix, nami nawashukuru kwa hilo.

Hata hiyo hadithi ya Uingereza, iliyosifiwa sana hapo juu, kwa Kifaransa inamchekesha Mfaransa kwa jinsi jirani yake anavyoivunja lugha yake. Kwa Kiingereza inakuwa Waingereza kuwacheka babu zao. Ni kicheko kizuri, sikatai, ila kimehama nyumba. Kama nia ya maktaba ni kuwaonyesha vijana kitabu cha Kifaransa, tafsiri inayokaa karibu na asili ina haki ya kufikiriwa, hasa kwa vijana ambao huenda siku moja wakajifunza Kifaransa wakakutana na majina halisi.

Wino Mzito (Nairobi)

Kuhusu Panoramix nakubaliana nawe, ndugu yangu. Lakini toleo hilo hilo halikufuata kanuni hiyo kila mahali. Mkuu wa kijiji, ambaye kwa Kifaransa ni Abraracourcix, yaani mtu wa kushambulia kwa nguvu zake zote, Waingereza walimwita Vitalstatistix kwa kutazama unene wake, nao Papercutz wakamwita Macroeconomix. Jina hilo halina uhusiano na ugomvi wake wala na tumbo lake. Kama hoja ni ukaribu na asili, hapo tumekwenda mbali kuliko Waingereza walivyokwenda.

Na tusisahau kwamba upande wa Uingereza nao haukusimama. Hockridge alifariki mwaka 2013, Bell mwaka 2018, na vitabu vipya tangu ule wa mashindano ya magari ya farasi wa mwaka 2017 vimefasiriwa na Adriana Hunter, ambaye amelinda majina yaliyozoeleka. Ukianza na toleo hilo, rafu yako itaendelea kukua kwa majina yale yale bila kuwachanganya wasomaji.

Kurasa za Pwani (Mombasa)

Niongeze kuhusu Tintin, yule mwandishi wa habari kijana, ingawa mchoraji wake Hergé alikuwa Mbelgiji, maana anayenunua Astérix ataombwa na Tintin. Hapa uchaguzi ni mwepesi. Tafsiri ya Leslie Lonsdale-Cooper na Michael Turner, iliyoanza kutoka kwa kampuni ya Methuen ya Uingereza mwaka 1958, ndiyo inayomwita mbwa Milou kwa jina la Snowy na Profesa Tournesol kwa jina la Calculus, na bado ndiyo inayouzwa madukani. Tafsiri mpya ya Michael Farr ilitolewa mwaka 2015 kwa ajili ya kusomwa kwenye vifaa vya kidijiti, kwa hiyo kwa rafu ya mbao haikusaidii. Ni vizuri pia vijana wajue kwamba Waingereza hao walibadilisha hata michoro: kabla ya kuchapisha hadithi ya kisiwa cheusi, walimpelekea Hergé orodha ya makosa 131 kuhusu mambo ya Uingereza, na kitabu kizima kikachorwa upya na kutoka mwaka 1966.

Kuhusu kile kitabu cha safari ya Tintin nchini Kongo, ningekiweka mbali na rafu ya watoto. Toleo lake la rangi kwa Kiingereza lilichelewa hadi mwaka 2005, nalo lilikuja na utangulizi wa kueleza mtazamo wa kikoloni uliomo.

Mwana Lubumbashi

Naunga mkono kwa moyo wote. Katika picha za awali za mwaka 1931 Tintin anasimama mbele ya wanafunzi Wakongo na kuwafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Hergé alipokichora upya mwaka 1946 somo likageuka kuwa hesabu ya kujumlisha, lakini nyuso za wanafunzi zilibaki zile zile za dhihaka. Tafsiri nzuri haiwezi kuponya mchoro. Kiwepo kwa watu wazima wanaochunguza historia, pamoja na mtu wa kuzungumza nao.

Somo la Jioni (Dar es Salaam)

Nikiwa msomaji wa katuni za watu wazima, naona mjadala umekaa sana kwa Astérix, ambaye tayari ana tafsiri bora, ilhali faida kubwa ya tafsiri mpya iko kwa wale waliokaa miaka mingi bila kusomeka kwa Kiingereza. Jacques Tardi ndiye mfano wangu wa kwanza. Kitabu chake kuhusu vita vya mahandaki vya 1914 hadi 1918 kilikamilika kwa Kifaransa mwaka 1993, na Fantagraphics ya Marekani ilikitoa kizima mwaka 2010 kwa tafsiri ya Kim Thompson. Hakina shujaa. Kila askari anapewa kurasa chache, anakufa, na msimulizi anahamia kwa mwingine, kwa sauti kavu isiyoomba machozi. Thompson aliilinda sauti hiyo, na katika hadithi za Adèle Blanc-Sec za mchoraji huyo huyo aliweza kubadilika na kuandika kwa vurugu na kejeli kama zinavyotaka. Alifariki mwaka 2013, na kwangu pengo lake linaonekana.

Mwingine ni Nicole Claveloux, ambaye hadithi zake za kindotondoto za miaka ya 1970 zilikusanywa kwa Kiingereza mwaka 2017 kwa tafsiri ya Donald Nicholson-Smith. Kwa Barbarella ya Jean-Claude Forest, hadithi ya mwanamke msafiri wa anga, mtu anaweza kulinganisha matoleo mawili, la Richard Seaver la mwaka 1966 na la mwaka 2014 lililoandikwa upya na Kelly Sue DeConnick, na la pili linamfanya mwanamke yule aongee kama mwenye akili zake, jambo lililostahili kufanywa mapema. Lakini hivi vyote ni vya watu wazima, dada na kaka wa rafu ya vijana wasivichukue.

Mtunza Rafu (Tanga)

Nawashukuru nyote. Nitachukua Astérix ya Bell na Hockridge kuanzia jalada la kwanza, na kwenye ubao wa rafu nitabandika orodha ya majina ya Kifaransa, ili hoja ya ndugu wa Lubumbashi isipotee. Kitabu cha Tardi nitakiombea nafasi kwenye rafu ya wakubwa. Je, nikibakiwa na fedha, nichukue Lucky Luke, yule mchunga ng'ombe wa Marekani, au Valérian, yule msafiri wa anga na wakati?

Kurasa za Pwani (Mombasa)

Zote mbili ziko kwa Cinebook, kampuni ya Uingereza. Angalia tu namba zao. Lucky Luke hawakufuata mpangilio wa Kifaransa, maana namba 1 yao ni hadithi ya Billy the Kid, ambayo kwa Kifaransa ni ya 20, lakini kila hadithi inajitegemea na utaweza kununua unayoikuta. Valérian ununue kwa mfuatano, ukianza na ile ya jiji la New York lililofunikwa na maji, kwa sababu hadithi za baadaye zinajengwa juu ya za mwanzo, na msomaji anayeanzia katikati atapotea.