Neno la kufichwa kwenye app: linafanya kazi kweli?

Mchoraji_UI: Wakuu, mteja wa app ya akiba anataka neno WEKA lipite kwenye kioo kwa milisekunde 20, mtumiaji asilione ila akili ilidake. Hoja yake ni ile habari ya sinema Marekani, kwamba maneno yaliyopita haraka kwenye skrini yaliwafanya watazamaji wanunue popcorn na Coca-Cola zaidi. Ina ukweli? Na app ya mtu mwingine unaikaguaje kujua kama inafanya hivyo?

Fundi_Fremu: Hiyo ya sinema ni ya James Vicary, mtafiti wa soko, 1957, Fort Lee, New Jersey. Alidai mauzo ya popcorn yalipanda kwa asilimia 57.7 na ya Coca-Cola 18.1. Mwaka 1962 akakiri kuwa ilikuwa janja ya kuinua biashara yake. Mwambie mteja hivyo hivyo.

Maabara kuna kitu, ila kidogo. Mwaka 2006 Karremans na wenzake, Uholanzi, walipitisha jina Lipton Ice kwa milisekunde 23. Walioguswa ni waliokuwa na kiu tayari, tena walichagua kinywaji papo hapo.

Sasa njoo kwenye simu. Kioo cha 60 Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, huleta picha mpya (fremu) kila milisekunde 16.7, kwa hiyo 20 haipo: utapata 16.7 au 33.3. Halafu muda mfupi peke yake haufichi neno. Lazima fremu inayofuata iwe na kifuniko, yaani herufi za ovyo mahali pale pale, la sivyo jicho linalinasa. Simu ya bei nafuu ikikwama kidogo, neno linaganda fremu tatu au nne na mtu analisoma wazi. Hapo umeshapoteza imani yake.

Mkaguzi_TZ: Kwenye ukaguzi, usitegemee kurekodi kioo kwa simu yenyewe, baadhi hurekodi fremu 30 kwa sekunde na zinaruka nusu ya zilizopita. Chukua simu ya pili yenye kamera ya fremu 240 kwa sekunde, iweke kwenye stendi, funga fokasi na mwanga, kisha rekodi app ikifunguka na ikibadilisha kurasa. Kila fremu ya kioo cha 60 Hz itatokea mara nne hivi. Pitia video fremu kwa fremu. Kwa kioo cha 120 Hz zitakuwa mbili tu, kwa hiyo nenda taratibu.

Mchoraji_UI: Nimeelewa. Basi nimpe nini badala yake?

Bi_Takwimu: Kinachosukuma watu kiko wazi machoni: kisanduku kilichokwishawekewa tiki, kiasi kinachotangulia kuonyeshwa, saa ya arifa. Hivyo navyo vina nguvu ya kuumiza, usivichezee. Mwache mtumiaji achague mwenyewe tarehe ya kukumbushwa, mfano siku ya mshahara, na kisanduku cha makato kianze kitupu. Ukijaribu, gawa watumiaji makundi mawili kwa bahati nasibu, na usihesabu pesa zilizoingia tu. Hesabu zilizobaki baada ya siku 30, maana aliyesukumwa bila kujua anaweza kuzitoa akishtuka.

Na kama ana watumiaji Ulaya na app inatumia akili mnemba (AI): tangu 2 Februari 2025, Kifungu cha 5 cha sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya kinakataza mifumo ya akili mnemba inayotumia mbinu zilizo nje ya ufahamu wa mtu kupotosha uamuzi wake kiasi cha kumletea madhara makubwa. Faini inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya mwaka duniani kote.