Wafadhili wa utafiti wa "jamii endelevu": mrejesho wa wakulima wa mwani Pemba uko wapi?

Assalam alaykum wadau. Nimechoka, na leo nasema. Modi, tafadhali usiuhamishie uzi huu jukwaa la elimu ukafia huko.

Mie ni mdodosaji. Ndiyo wale mnaotuona na tableti tukizungushwa na sheha nyumba kwa nyumba. Miradi yenyewe ni ya wafadhili wa nje, na siku hizi karibu yote ina vichwa vya namna moja: jamii endelevu, ustahimilivu, wanawake na uchumi wa buluu. Sitaji mfadhili wala chuo, msinisumbue PM.

Karibuni nilikuwa upande wa Micheweni. Bi mmoja mkulima wa mwani, mtu mzima, nikaanza kumsomea fomu ya ridhaa. Hakunijibu. Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti, akanimwagia mkekani fomu za ridhaa za miradi mingine, kila moja na dole gumba lake. "Mwanangu, zote hizi niliambiwa niweke nakala. Hebu nambie, ipi kati ya hizi waliorudi?" Chini ya fomu pameandikwa namba ya kupiga ukiwa na malalamiko. Namba ya Ulaya! Mtu anayenunua vocha ya mia tano apige Ulaya? Na akipiga, azungumze na nani?

Halafu tunakwenda lini? Bamvua, siku bahari inapokupwa sana. Maji yametoka, kinamama wana saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba kabla bahari haijajaa, na sie tunawasimamisha na dodoso la saa moja na nusu. Wanaondoka na mche wa sabuni na soda. Kuwalipa ni kosa la kimaadili, tunaambiwa, wasije wakajibu kwa tamaa ya pesa. Haya. Na profesa yeye anatafiti kwa tamaa ya nini?

Mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani, huko Unguja, mwaka 1989. Kinamama hawa wameshaulizwa kila kitu: kipato, ndoa, nani anaamua nyumbani, mgongo unauma wapi. Kotonii, aina ya mwani wenye bei, umekufa sehemu nyingi kwa joto la maji na maradhi, wengi wamebaki na spinosum wa bei ya kutupa. Hilo hawahitaji kuambiwa, wao ndio waliouona ukigeuka mweupe na kukatika mikononi. Wanachotaka kujua ni wenzao wa Jambiani na Chwaka walijaribu nini na kikawafaa au hakikuwafaa. Majibu hayo tunayo sisi, kwenye data. Wao hawana.

Mtu asiniambie pesa hakuna. Sweden peke yake ina mfuko wa utafiti wa Riksbankens Jubileumsfond, iliyotokana na mchango wa benki kuu yao mwaka 1962, kwa ajili ya sayansi za jamii na humanitia (lugha, historia na kadhalika), na ina Mistra ya utafiti wa mazingira tangu 1994. Ujerumani kuna wakfu wa utafiti wa VolkswagenStiftung tangu 1961. (Sisemi hao ndio waliolipa miradi niliyofanyia kazi.) Umoja wa Ulaya, kwenye Horizon Europe, mpango wao wa kufadhili utafiti, unaongeza asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja ili taasisi ijiendeshe. Ford Foundation wa Marekani nao walipandisha fungu kama hilo kutoka asilimia 20 hadi 25 mwaka 2023. Sigombi, umeme wa chuo lazima ulipwe. Basi asilimia ngapi ni ya kurudi Micheweni?

Bajeti moja niliiona kwa macho yangu. Mrejesho kwa jamii ulikuwemo, mstari mmoja, mwishoni. Pesa zilipopungua ndio uliokatwa mwanzo. Badala yake ikafanywa warsha hotelini ufukweni Unguja, slaidi za Kiingereza, maafisa wakasaini posho. Mkulima wa mwani hata mmoja hakuwepo. Ukiuliza unaambiwa makala iko wazi mtandaoni. Kwa bando la nani?

Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walichoka kuhojiwa na watafiti mapema kuliko sisi. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe: mtafiti apite kwa baraza lao, awe mkweli, na jamii ipate faida. Sisi tuna mabaraza ya shehia na ofisi za vibali, tunashindwa nini? Wakubwa wanaopiga mhuri kibali nao wasijifiche nyuma ya wazungu.

Ninachotaka ni kidogo: mfadhili azuie awamu ya mwisho ya fedha mpaka sheha na wale waliohojiwa wasaini kwamba kikao cha mrejesho kimefanyika, kwa Kiswahili, hapo hapo kijijini, na si siku za bamvua.

Wenye miradi mumo humu, nawajua. Semeni hapa: shehia gani mlirudi, na lini?