Nyigu wasio na kiuno toka Usambara, nitajuaje kama ni spishi mpya?

Kabichi_Lushoto:
Habari za jioni wakuu. Niko Lushoto nafanya utafiti wa wadudu wa kabichi na figili. Wale nyigu-msumeno wa bustanini, mwili rangi ya machungwa kichwa cheusi, nimeshawajua ni jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Athalia, hao hawanipi shida. Sasa juzi pembeni ya msitu nikanasa wengine watatu, weusi tii, miguu ya njano, mabawa kama yamepita kwenye moshi, tumbo limeungana na kifua bila kiuno kabisa. Majike wawili, dume mmoja. Nimepekua picha mtandaoni usiku kucha sijaona wa kufanana nao, mwenzangu ananiambia hiyo ni mpya ipe jina. Nimefurahi sana ila roho inasita. Naanzia wapi?

Dada_Hadubini:
Hongera mdogo wangu, na hiyo roho inayosita isikilize. Picha za mtandaoni hazitoshi, kuna spishi kibao za hawa wadudu hazijawahi kupigwa picha, zimeandikwa kwa Kijerumani au Kilatini zaidi ya miaka mia iliyopita na mdudu mwenyewe kalala kwenye droo ya makumbusho Ulaya. Huyo Athalia sjostedti wa kwenye kabichi unafikiri jina kalipata wapi? Kwa Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyekusanya wadudu Kilimanjaro na Meru 1905 na 1906, akarudi nao kwao wakagawiwa mabingwa, na huyu akapewa jina na Konow, bingwa wa Kijerumani wa nyigu-msumeno. Kwa hiyo wako pia anaweza kuwa na jina tangu enzi za Mjerumani, huwezi kusema mpya mpaka umlinganishe na holotaipu za jenasi yake, yaani yule mdudu mmoja aliyebeba jina.

Halafu rangi isikuteke. Hawa kuna wanaobadilika rangi mlima kwa mlima, na dume na jike wa spishi moja unaweza kudhani hawajuani. Wewe nenda kwenye msumeno, kile kifaa cha jike cha kutagia mayai. Chukua jike mmoja, mlainishe, toa ncha ya tumbo, weka kwenye potashi kali ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, osha, tandaza kwenye slaidi. Ukitazama utaona ubao mwembamba umegawanyika pingili pingili na kila pingili ina jino lake chini. Hesabu meno, angalia umbo la lile la katikati, lichore. Hapo ndipo spishi zinapoachana. Kwa dume unaangalia vali za uume, yaani vile vipande vigumu vya kiungo chake cha uzazi, maandalizi ni yaleyale.

MlimaMeru77:
Naunga mkono. DNA pia pima, kile kipande cha COI (jeni inayotumika kutambua spishi), ila usikiachie kiamue peke yake maana kuna makundi ya hawa nyigu spishi mbili tofauti kabisa zinatoka na COI ileile.

Mi swali langu, umejuaje huyo dume ni wa hao majike? Kunaswa sehemu moja sio ushahidi. Tafuta viwavi. Geuza kiwavi uhesabu miguu laini ya tumboni, wa nondo na vipepeo hawazidi jozi tano, hawa wako wanaanzia sita, na kichwani wana jicho moja tu kila upande. Ukipata mlee kwenye chupa na mmea uleule uliomkuta nao, jina la mmea liandike siku hiyohiyo. Na ukibahatika jike hai ambaye hajapandwa mwache atage, kwa kawaida mayai hayo yanatoa madume matupu, basi hapo umepata dume wake bila ubishi.

Kabichi_Lushoto:
Aisee hilo la mwisho sikulijua kabisa, asanteni sana. Basi dume nampa lebo yake peke yake. Ila majike wawili ni wachache, nitapataje wengine bila kukimbizana na wavu?

Dada_Hadubini:
Tega mtego wa Malaise. Na René Malaise mwenyewe alikuwa bingwa wa hawahawa nyigu-msumeno, Mswidi naye, aliwafuata mpaka milima ya Burma miaka ya 1930. Aliona wadudu wakiingia hemani wanapanda juu wanakusanyika kwenye kona, wakipata tundu wanatoka, akatengeneza hema lenye chupa palepale kwenye kona. Milimani ndiko kwenyewe, hawa tofauti na wadudu wengi wanapenda baridi, ndio maana huku kwetu kwenye joto unawapata juu na sio Tanga mjini. Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na cha msitu kiwe mkononi kwanza.

Kabichi_Lushoto:
Vibali ninavyo. Chupa niielekeze wapi, msituni au kwenye mashamba?

MlimaMeru77:
Kwenye mwanga, kwa hiyo upande wa mashamba. Ukuta wa hema ukate njia yao wanayopita kandokando ya msitu, na spiriti ndani ya chupa ibadilishe kila wiki.