Tuanzie wapi na mwanariadha mstaafu anayekataa ushauri nasaha?

Afisa wa huduma za jamii, Elgeyo-Marakwet

Wenzangu, ninaomba maoni yenu kuhusu jambo ninalokutana nalo mara kwa mara hapa Iten. Mwanariadha aliyekimbia marathoni ng'ambo kwa miaka mingi anaumia kano ya kisigino, mkataba wake na wakala unakwisha, na kabla hajatimiza miaka arobaini anajikuta nyumbani hana la kufanya. Mmoja wao, ambaye mkewe ndiye aliyenijia, bado huamka saa kumi na moja alfajiri kama enzi za kambi, huvaa viatu vya mazoezi, kisha huketi mlangoni akiwatazama vijana wanaopita mbio barabarani. Wakishapita, huelekea kilabuni kunywa. Nilipomshauri amwone mshauri nasaha, alinijibu kwa upole kwamba yeye si mgonjwa. Je, ninyi huanzia wapi na mtu wa namna hii, na ni lini suala huwa limevuka mipaka ya kazi yetu?

Afisa ustawi wa jamii, Arusha

Pole na kazi. Mtu aliyeishi kwa ratiba ya kocha hapotezi kipato tu anapostaafu, bali hupoteza pia wa kumwambia kesho afanye nini. Kwa hiyo katika ziara za mwanzo mimi sitaji sonona wala tiba; humwomba tupange wiki yake. Mwili uliozoea kilomita 160 au zaidi kwa wiki ukisimamishwa ghafla, usingizi huvurugika, naye huona ni udhaifu wake; mazoezi mepesi yanayopangwa na mtaalamu wa viungo humsaidia sana. Mtafutie pia mahali ambapo ujuzi wake bado unahitajika. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, baadaye alianzisha shule pamoja na mkewe. Wengi hawana mtaji huo, lakini kikundi cha watoto wa kufundisha riadha katika shule ya kijijini hakihitaji mtaji.

Mkimbiaji mstaafu, Eldoret

Ninaongeza upande ambao maafisa wengi hawauulizi, nao ni fedha na familia. Nilipokuwa nikishinda, simu ililia usiku na mchana: karo ya mtoto wa binamu, bili ya hospitali, harambee ya kanisa, na hakuna aliyetaka kusikia kwamba zawadi ya mbio hukatwa kodi na fungu la wakala kabla haijafika nyumbani. Ushindi ulipokoma, salamu zilikoma, lakini maombi ya fedha hayakukoma. Kwetu wanawake hali huwa nzito zaidi, kwa sababu shamba na nyumba za kupangisha mara nyingi huandikishwa kwa jina la mume, na siku miguu inapogoma ndipo mtu hugundua kwamba hana chake. Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten mnamo Oktoba 2021, wanariadha wenzake waliunda Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa. Ukiwa na mteja wa kike, waulize wao.

Kwa huyu bwana, keti naye pamoja na mkewe, hati za ardhi na orodha ya madeni zikiwa mezani. Wanaume wa huku hawasemi kwamba wana huzuni, lakini watasema kwamba wanadaiwa, na mazungumzo hufunguka hapo. Mtafute pia mwenzake wa kambini aende kumtembelea. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978, kisha pombe ikamwangusha hadi akakosa makazi huko Marekani, naye akaja kuishinda na kuwa mwalimu na kocha. Nimewaona watu wakikubali kuzungumza habari za Rono kwa saa nzima kabla hawajagusa za kwao.

Muuguzi wa afya ya akili, Nakuru

Ninajibu sehemu ya pili ya swali. Utafiti wa mwaka 2015 wa FIFPRO, muungano wa kimataifa wa vyama vya wanasoka wa kulipwa, ulikuta dalili za sonona au wasiwasi kwa 35% ya wanasoka wastaafu 219 walioulizwa, kwa hiyo usidhani kwamba huyu ni wa pekee. Akianza kugawa medali zake, au akisema familia itapumua asipokuwapo, usingoje akubali kwamba ni mgonjwa. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humpa ruhusa ya kusema. Familia nyingi zimekuwa zikificha kwa kuogopa polisi, basi waelezeni kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo.

Kuhusu pombe, kama anakunywa kila siku, msimshinikize aache ghafla akiwa nyumbani. Kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali, na mkewe aelezwe dalili hizo mapema.