Pointi za taimshea kwa milioni 24: hizi faida za uanachama zinarudisha hela kweli?

Fundi_Mizani

Wakuu, heshima kwenu.

Naombeni ushauri kabla ya Jumatano. Mke wangu alijaza karatasi ya bahati nasibu nje ya supamaketi moja hapa mjini. Haikupita wiki tukapigiwa simu: mmeshinda malazi ya siku tatu Zanzibar, njooni Jumamosi hotelini Masaki mchukue vocha, ila lazima mje mume na mke. Tukaenda. Chakula siwezi kukisema vibaya, biriani ya kuku na juisi ya ukwaju. Baada ya hapo kijana mmoja mtanashati akatukalia na tableti hadi jua linaelekea kuzama.

Anachouza ni pointi za taimshea, yaani unalipia haki ya kulala risotini muda fulani kila mwaka. Unapewa pointi 8,000 kila mwaka kwa miaka 30, bei dola 9,800, asilimia 30 unatanguliza na iliyobaki unalipa ndani ya miaka miwili. Halafu kuna ada ya matunzo dola 520 kwa mwaka. Pointi unalalia kwenye risoti zao, au unazibadilisha kupitia kampuni ya kubadilishana ulale Afrika Kusini, Dubai, Hispania, popote. Uanachama wa kubadilishana ni bure miaka miwili ya mwanzo, baadaye unajilipia.

Kilichomteka mke wangu ni faida za uanachama: punguzo la asilimia 25 kwenye hoteli, lounji ya uwanja wa ndege, magari ya kukodi kwa bei nafuu, na usiku mmoja wa bure kwenye siku ya kuzaliwa. Bei ilikuwa "ya leo tu". Nilipokataa kusaini ikageuka ya mpaka Jumatano.

Tuna watoto wawili, mmoja darasa la nne, mwingine kidato cha kwanza. Likizo zetu ni boti ya kwenda Unguja au basi la Tanga. Kuna aliyewahi kubadilisha hizi pointi akapata chumba? Na hizo faida zinalipa?

Kiwanja_Kwanza

Milioni 24 na ushee? Mkuu, hicho ni kiwanja Chanika chenye hati na chenji ya tofali. Kiwanja hakikuletei bili ya ada kila Januari. Biriani umeshakula, inatosha.

Bi_Hesabu_Tabata

Kiwanja_Kwanza, mwenzio kauliza mahali pa kupumzika na watoto, wewe unampeleka Chanika kufyeka majani. Tumjibu alichouliza.

Mwanangu Fundi, mimi nina pointi. Marehemu mume wangu alifanya kazi Durban miaka mingi na tulizinunua huko, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anahamia Australia, kwa hela ndogo kuliko niliyonunulia friji. Nazitumia mpaka leo. Watu hupenda niseme niliibiwa. Sikuibiwa, lakini hali yangu siyo yako, na hapo ndipo pa kuangalia.

Kwanza jinsi ya kubadilisha, maana wauzaji hueleza kama vile unampa mtu wa Hispania nyumba yako naye anakupa yake. Sivyo. Kampuni kubwa ni mbili, RCI iliyoanza Indianapolis mwaka 1974 na Interval International iliyoanza 1976, zote za Marekani. Unachofanya ni kuweka wiki yako (wengine hununua wiki badala ya pointi) au pointi zako kwenye akiba yao, kisha unachukua kilichowekwa na wengine. Hakuna aliyeweka, hakuna cha kuchukua. Kwenye mfumo wa wiki, thamani ya ulichoweka hupimwa kwa mahali, msimu, ukubwa wa chumba, na umeweka mapema kiasi gani. RCI wanataka miezi tisa kabla au zaidi ndipo wiki yako ihesabiwe kwa nguvu yake yote. Kwenye pointi kuna chati: chumba fulani, wiki fulani, pointi kadhaa. Hiyo chati ndiyo bidhaa yenyewe. Wamekupa?

Na kila ukibadilisha unalipa, mbali na uanachama na mbali na ada ya matunzo. Kwa kampuni hizo kubwa, mwanachama wa Marekani analipa zaidi ya dola 200 kwa wiki moja.

Zangu zinanilipa kwa sababu nimestaafu. Naondoka mwanzoni mwa Juni, shule za Afrika Kusini hazijafungwa, pwani ya KwaZulu-Natal jua lipo na vyumba vipo tele kwa pointi chache. Mtanzania kule haombi viza ya matembezi. Wajukuu wako Pretoria. Ungeniambia niende Desemba, wiki ileile inameza pointi maradufu na bado utaambiwa nafasi hakuna.

Nitajie hivi nikupigie hesabu: chati inasemaje kwa Juni na Desemba, ada inapandaje, na ukitaka kutoka unatokaje.

Mchangani_Rizavesheni

Mimi niko rizavesheni kwenye hoteli moja mashariki ya Unguja. Nisemee upande wetu tu.

Mtanzania ana bei ya mkazi, na watu wengi wa Dar hawaiulizi. Wanaingia kwenye mitandao ya kubukia, wanaona bei ya dola ya mtalii, wanakata tamaa. Piga simu moja kwa moja, sema uko Dar, uje na kitambulisho cha NIDA. Kwetu chumba cha familia, vitanda viwili na cha ziada, kwa mkazi ni laki tatu na nusu na kifungua kinywa ndani. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga kabisa, na zilizobaki bei inashuka mpaka unaona haya kuitaja.

Hilo punguzo la asilimia 25 muulize ni asilimia 25 ya bei ipi. Kama ni ya mtalii, mkazi asiye na kadi yoyote anakupita.

Vocha ya "siku tatu za bure" nayo isome nyuma. Tunazipokea. Mara nyingi mgeni analipia chakula cha lazima na ada fulani kwa kila kichwa, na haziingii Julai, Agosti wala mwisho wa mwaka.

Fundi_Mizani

Asanteni sana. Bi Hesabu, shikamoo. Nilimpigia yule kijana. Chati hakutaka kuituma, akasema itakuja na mkataba. Nikamwambia basi hakuna mazungumzo, jioni akatuma picha kwa simu.

Chumba kimoja cha kulala chenye sofa ya kukunjua, kinalaza wanne: lo sizoni (msimu wa wageni wachache) pointi 4,000 kwa wiki, Juni hadi Agosti 8,000, Desemba 9,500. Vyumba viwili Juni hadi Agosti ni 11,500. Ile hotelini alikuwa anatuambia "wiki mbili kila mwaka". Sasa naona wiki mbili ni za masika, watoto wako darasani.

Ada: "itarekebishwa kila mwaka kulingana na gharama". Kiwango cha juu hakijaandikwa. Kutoka: hakuna kipengele, kuna cha kurithisha.

Bi_Hesabu_Tabata

Marahaba.

Tuchukue dola kwa 2,500 ili tusisumbuane. Bei ni milioni 24.5. Ukiigawa kwa miaka 30 ni kama laki nane na elfu kumi na saba kwa mwaka. Ongeza ada milioni 1.3. Unafika milioni 2.1 na kitu, hujalala hata usiku mmoja. Ukienda kwenye risoti yao Juni unapata wiki moja na pointi zimekwisha. Ukibadilisha uende kwingine, weka laki tano. Jumla milioni 2.6, gawa kwa siku saba: karibu laki tatu na elfu sabini na nne kwa usiku.

Sasa mwenzetu wa Mchangani anakupa chumba cha familia kwa laki tatu na nusu na mayai asubuhi. Nitende haki: vyumba vya taimshea huwa na jiko, na kwa watu wanne jiko linaokoa hela nyingi za mgahawa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni karibu sawa kwa sawa. Sitakuambia ni wizi.

Shida ni huko mbele. Ada isiyo na kikomo tuipandishe asilimia 5 tu kwa mwaka. Mwaka wa kumi ni dola 807. Mwaka wa 30 ni dola 2,140. Jumla ya ada peke yake kwa miaka yote ni zaidi ya dola 34,500, yaani milioni 86, na hiyo ni kama shilingi haitateleza hata kidogo. Bei ya kununulia uliyokuwa unaiogopa ndiyo sehemu ndogo ya mzigo. Na ukiona hoteli ya Mchangani imepandisha, unakwenda ya jirani. Ada huikimbii, unadaiwa hata mwaka ambao mtoto ana mitihani na hamkusafiri. Hicho kipengele cha kurithisha nacho, soma kama unawarithisha watoto chumba au deni.

Watu wa Afrika Kusini walilalamika mpaka Tume yao ya Taifa ya Walaji ikafanya uchunguzi wa hadhara juu ya biashara hii. Makubwa yalikuwa mawili: nafasi hazipatikani, na mikataba isiyo na mlango wa kutokea.

Faida za uanachama zipime kwa swali hili: bila kadi, ningelipia kitu hiki? Lounji, je? Familia inayosafiri kwa boti lounji ya Terminali 3 inaihitaji lini? Gari la kukodi ungekodi wapi? Usiku wa siku ya kuzaliwa utaufikia kwa nauli ya watu wanne. Ukishapunguza hivyo, angalia kama faida hizo zimo ndani ya mkataba au ziko kwenye kijitabu chenye picha. Za kijitabuni kampuni huzifuta itakapo.

Jambo la pembeni, limenikera: bei zote za dola, mezani Masaki. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Watakujibu huduma iko nje. Basi waulize mkataba unafuata sheria ya nchi gani na mahakama ya wapi, maana kumpotosha mteja Sheria ya Ushindani ya 2003 inakukinga hapa nyumbani, sijui kama wanataka ufike huko.

Mbongo_Orlando

Niwatetee kidogo. Mimi niko Florida, nina pointi za Disney Vacation Club, na familia yangu inazimaliza kila mwaka. Zinalipa kwa sababu tunakaa jirani na wanangu hawachoki kwenda. Ningekuwa Dar nisingegusa.

Kuhusu faida, hapa ndipo utaona mchezo ulivyo. Disney tangu Aprili 2016 aliyenunua pointi kwa mtu, siyo kwa kampuni, hapati yale mapunguzo ya uanachama. Pointi za risoti za zamani zilizonunuliwa mkono wa pili tangu Januari 2019 hazikubaliki kwenye risoti mpya kama Riviera. Chumba kilekile, ada ileile, faida hamna. Ndiyo maana mkono wa pili bei inaporomoka, na kwa baadhi ya kampuni utakuta mtu anauza kwa dola moja eBay ili akwepe ada tu. Wenye kampuni nao hubadilika: Diamond Resorts ilinunuliwa na Hilton Grand Vacations mwaka 2021, Bluegreen ikafuata 2024. Ulisaini na huyu, unaamka uko kwa yule.

Huku Florida ukisaini una siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Ulaya ni siku 14, na ndani ya siku hizo hawaruhusiwi kupokea hata senti. Muulize kijana wako unapewa siku ngapi, na kwa maandishi.

Fundi_Mizani

Nimemuuliza. Kasema siku za kufikiria ni hizi mpaka Jumatano!

Mke wangu kasoma uzi wote jana usiku. Kanyamaza, kisha akaniomba namba ya hoteli ya Mchangani. Kwa hiyo hilo limeisha.

Ila Bi Hesabu umeniwasha tamaa nyingine. Kuna jamaa ninayefanya naye kazi, kaka yake yuko Johannesburg, anataka kuachia pointi zake za huko. Anaomba randi elfu tano. Hiyo vipi?

Bi_Hesabu_Tabata

Bei ni ndogo, kwa hiyo bei ndiyo ya mwisho kuiuliza. Anza na levi, ndivyo wanavyoiita ada ya mwaka kule. Aombe kampuni yake ikuandikie barua kwamba hadaiwi, itaje namba ya mkataba, jina lake, pointi za kila mwaka, na zilizokopwa za mwaka ujao, maana wengi huzitumia mbele halafu wanauza ganda. Uliza ada ya kuhamisha jina, nani anailipa, na kama kampuni inamkubali mmiliki anayeishi Tanzania. Uliza ni faida zipi zinakufa jina likibadilika. Chukulia zote, zikibaki ushukuru. Kisha mwombe afungue akaunti yake mkiwa pamoja kwa simu ya video, atafute chumba cha watu wanne wiki ya kwanza ya Juni ijayo. Kama hakipo leo, hakitakuwepo ukiwa wewe.

Randi zake azipate baada ya jina lako kuingia kwenye karatasi za kampuni. Na akitokea wakala anayetaka umlipe kwanza ndipo ahangaikie uhamisho, mkate simu.

Fundi_Mizani

Wiki ya kwanza ya Juni shule zetu huwa zimeshafungwa?

Bi_Hesabu_Tabata

Angalia kalenda ya wizara ya mwaka ujao kabla hujamgusa huyo kaka. Ikitoka wiki ya pili, tafuta wiki ya pili. Usivuke katikati ya mwezi tu, shule za kule huanza kufungwa mwishoni mwa Juni na chati inaruka. Barua ya kuombea uthibitisho wa levi ninayo ya zamani, nakutumia kwa ujumbe wa faragha, badilisha majina.