Naomba ushauri: nataka kujifunza simulizi za kidijitali mtandaoni

Wakuu, habari zenu. Nataka kujifunza kutengeneza simulizi za kidijitali, zile video fupi za dakika 2 hadi 5 ambamo mtu anasimulia kisa chake kwa sauti yake mwenyewe huku picha zikipita. Lengo ni majirani tufahamiane. Tunaishi ukuta kwa ukuta lakini hatujuani hata majina.

Mitambo hainitishi. Simu inarekodi vizuri tu, na Audacity ya kuhariri sauti ni ya bure. Kinachoniumiza kichwa ni ule mduara wa hadithi, ambapo washiriki husomeana rasimu na kuulizana maswali kabla ya kurekodi. Kwangu ndio moyo wa kazi yenyewe. Je, unawezekana kwa Zoom, kwa watu ambao hawajazoeana? Au kila mtu atazima kamera na kunyamaza?

Na ridhaa mnaishughulikiaje? Mzee akikubali leo kisa chake kisambazwe, kesho akabadili mawazo, video ishafika kwenye makundi ya WhatsApp.

Aliyewahi kusoma kozi ya namna hii anieleze, hasa kama kulikuwa na mkufunzi wa kuulizwa au ni video za kutazama tu.