Kuku wa kuchoma wa Kiperu: huyu wa hapa Langley Park, Maryland, au twende hadi Arlington, Virginia?

BabaNuru: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nina wageni na wanataka kula nje. Hapa mtaani kuna mkahawa mdogo wa kuku wa Kiperu, meza sita tu, unaagiza kaunta unakaa. Watu wengine wananisifia El Pollo Rico ya Arlington. Nani kala kote kuwili? Naomba ushauri.

Mla_Firigisi: Mkuu, wageni wangapi? Watoto wamo? Mfuko ukoje? Umekuja kama mtu anayeagiza suruali bila kutaja kiuno.

BintiPangani: Na usafiri? Beltway, ile barabara kuu ya kuzunguka Washington, Jumamosi si ya mchezo.

BabaNuru: Samahanini. Watu wazima saba, watoto wanne. Gari moja.

Mla_Firigisi: Watu kumi na mmoja gari moja! Arlington isahau. Chukua kuku wazima watatu hapo hapo mtaani. Usikubali robo robo, utalipa zaidi na wote watagombea paja.

Kaka_Mkaa: Mimi nampinga. Kuku huyu ni moto wa mkaa, basi. Ukiingia, chungulia nyuma ya kaunta: kama huoni magunia ya mkaa, geuza. El Pollo Rico wapo tangu 1988 na foleni yao ndiyo dawa, kuku akitoka kwenye chuma anakatwa hapo hapo, hapati nafasi ya kukauka. Hako ka mtaani nenda saa ambayo watu wamejaa. Saa tisa alasiri utapewa wa saa sita.

UmmuSalha: Assalaam aleikum. Kabla ya mkaa, ni halali? Na si kuchinjwa tu. Mapishi mengi ya Lima huroweka kuku kwa bia nyeusi, pamoja na sosi ya soya, kitunguu saumu na binzari nyembamba.

Kaka_Mkaa: Dada, bia yote inaishia motoni.

UmmuSalha: Kaka yangu, sijauliza imebaki kiasi gani. Nimeuliza imetiwa au haikutiwa.

BabaNuru: Duh, hilo sikulifikiria. Watatu kati yao ni Waislamu.

Mla_Firigisi: Na hili ulikuwa umelificha wapi?

Mzee_wa_Tanga: Ngojeni niwape yangu. Mwaka juzi mama mkwe kaja kutoka Korogwe. Nikasema leo hatupiki, nikaenda sehemu moja, siitaji, nikaagiza kuku mzima wa kubeba na ndizi mbivu na mihogo ya kukaanga. Wakamfungia kwenye boksi la povu, moto moto, kifuniko kikabanwa. Mwendo wa dakika arobaini. Kufungua mezani, ngozi imelowa mvuke imekuwa kama kitambaa cha deki, mihogo migumu kama kuni, na ile sosi ya kijani hakuna hata kikombe kimoja. Haya, tukasema bismillah. Mama mkwe akawa anapanga vipande kwenye sahani, kimya. Mabawa matatu. Paja moja. Akaniangalia kwa upole: "Baba, huku kuku ndivyo wanavyozaliwa?" Mke wangu akatoka kwenda kucheka jikoni. Tangu siku hiyo nakula pale pale mkahawani, sibebi.

BintiPangani: 😂😂 Mabawa matatu! Ila bila ile sosi kuku wenyewe wa kawaida tu. Pilipili ya njano, na lile jani lao la huacatay. Mimi naomba vikombe vinne, wanaona nina wazimu.

JamaaWaThika: Halafu kuna watu wanamwita kuku huyu chakula cha Wainka, wale wenyeji wa kale wa Peru. Aliyeanzisha ni Mswisi, Roger Schuler, mwaka 1950 huko Santa Clara, nje kidogo ya Lima. Mswisi mwenzake, Franz Ulrich, akamtengenezea mashine ya kuzungusha. Leo Peru wana hadi siku yake, Jumapili ya tatu ya Julai.

Mzee_wa_Tanga: Basi kuku wa Mswisi, kachomwa na Msalvador, kaliwa na Mbondei. Marekani hiyo.

Kaka_Mkaa: Mihogo yao lakini haifiki ya Coco Beach.

JamaaWaThika: Ya Coco Beach ni pilipili na kachumbari tu inayowadanganya. Ya Mombasa ndiyo mihogo.

BintiPangani: Mmeanza.

BabaNuru: Nimepiga simu pale mtaani. Kijana kaongea Kihispania, mimi Kiingereza, habari ya bia haikueleweka. Kesho nitapita mwenyewe nikitoka kazini.

UmmuSalha: Ukipita uliza na mafuta ya mihogo, wasiwe wamekaangia nguruwe humo humo.

Mzee_wa_Tanga: Na mabawa uhesabu.

JamaaWaThika: Tukiwa hapo kwa mihogo, kuna anayejua wapi Silver Spring napata isiyopakwa nta? Hii ya dukani nikiikata nusu ina mistari myeusi, natupa kila mara.